Dkt. Robert Laws, Mwalimu wa Khondowe (1851–1934)

Historia ya Kanisa la Kilutheri katika Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kwa kawaida huanzia mwaka 1891, pale wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walipoingia katika nchi ya Konde na kujenga kituo cha Wangemannshöhe, kisha Manow, Mwakaleli na Ikombe. Majina ya watumishi hao yanastahili heshima, na yametajwa mara nyingi. Lakini imo katika historia hiyo miaka takriban kumi, kuanzia 1916, ambamo Wajerumani walikuwa wameondolewa, vituo vyao vimebaki bila wachungaji wake, na bado kengele za ibada ziliendelea kulia na watoto waliendelea kusoma. Kazi hiyo ilibebwa kwanza na wazee na walimu wenyeji, na pamoja nao watu waliovuka mto Songwe kutoka kusini kuja kuwasaidia. Wengi wa wasaidizi hao walikuwa zao la shule moja iliyosimama juu ya genge la Khondowe, ng'ambo ya ziwa, na shule hiyo ilikuwa kazi ya maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa Mlutheri. Alikuwa Mpresbiteri wa Scotland, daktari, seremala na mwalimu, Dkt. Robert Laws.

Alizaliwa tarehe 28 Mei 1851 mjini Aberdeen, kaskazini mashariki mwa Scotland. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo sana. Baba yake alikuwa seremala wa samani, mtu mcha Mungu wa kipato kidogo, na kijana Robert aliwekwa kwenye benchi la useremala mapema ili ajifunze ufundi huo. Mchana alishika randa na patasi. Alfajiri na usiku alishika vitabu. Kwa njia hiyo ngumu alijiandaa kuingia chuo kikuu cha Aberdeen, akasoma masomo ya jumla, kisha akaunganisha theolojia na udaktari kwa wakati mmoja, jambo ambalo wachache walithubutu. Mjini Glasgow alihudumu miongoni mwa wagonjwa wa ndui na homa. Aliyefahamu ujana huo hakushangaa baadaye kuona kwamba mwalimu huyu hakukubali kamwe kutenganisha mkono na kichwa. Hakuisoma falsafa hiyo katika kitabu cha malezi. Aliipata katika karakana ya baba yake.

David Livingstone alikufa mwaka 1873, na mwaka uliofuata James Stewart, aliyekuwa mkuu wa shule ya Lovedale katika Afrika Kusini, alitoa wazo la kuanzisha misheni yenye jina la Livingstone kando ya Ziwa Nyasa. Kundi la kwanza liliondoka Scotland mwaka 1875 likiongozwa na Luteni E. D. Young. Laws alikuwa na umri wa miaka 24. Walikuja na meli ndogo ya mvuke, Ilala, iliyobebwa vipande vipande na mamia ya wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire, kisha ikaungwa tena na kushushwa majini. Tarehe 12 Oktoba 1875 iliingia ziwani. Kituo cha kwanza kikajengwa Cape Maclear, upande wa kusini wa ziwa.

Katika shule ya kwanza ya Cape Maclear, mwalimu aliyesimama mbele ya watoto hakuwa Mzungu. Alikuwa Shadrach Ngunana, Mkhosa aliyesoma Lovedale, ambaye alifika mwaka 1876 pamoja na William Koyi na wenzao wengine wawili. Shadrach alifariki mwaka 1877 na kuzikwa papo hapo Cape Maclear. Koyi alidumu miaka tisa zaidi, akawa mjumbe wa amani kwa Wangoni, akafariki mwaka 1886. Laws, ambaye mwaka 1876 alikuwa amefanya upasuaji kwa dawa ya usingizi, jambo jipya kabisa katika eneo hilo, alijifunza kwa hao Waafrika wa kusini jambo ambalo chuo kikuu hakikumfundisha: kwamba injili na alfabeti vikienda kwa mdomo wa Mwafrika hufika mahali ambapo Mzungu, hata awe hodari namna gani, hafiki. Kwa bahati mbaya, kama itakavyoonekana, alilijua somo hili vizuri zaidi kuliko alivyolitekeleza.

Mwaka 1879 alimwoa Margaret Gray, naye akawa mwalimu wa shule bega kwa bega na mumewe. Mwaka 1881 alibatizwa Albert Namalambe, Mkristo wa kwanza wa misheni hiyo, baada ya miaka zaidi ya mitano ya kusubiri. Mwaka huo huo, kwa sababu ya homa na udongo duni, misheni ilihama kwenda Bandawe katika nchi ya Watonga. Huko Laws alikaa zaidi ya miaka kumi. Alitafsiri Agano Jipya katika Kinyanja, likachapishwa mwaka 1886. Alitibu, alipatanisha Watonga na Wangoni, alifungua shule. Kaskazini mwa ziwa, wakati huo, hali ilikuwa mbaya. Mfanyabiashara wa watumwa Mlozi alijijengea boma karibu na Karonga, na mwaka 1887 Wangonde wengi waliuawa. Vita ya Karonga ilifuata, na Mlozi hakuondolewa mpaka Desemba 1895, aliponyongwa na serikali ya Waingereza. Wangonde ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa asili, na wapo waliokimbilia upande wetu wa Songwe. Merensky na wenzake waliingia Konde katikati ya hofu hiyo.

Mwaka 1894 Laws alipanda kutoka ufukweni hadi uwanda wa Khondowe, ukingoni mwa nyanda za Nyika, mita mia kadhaa juu ya maji. Hewa ni baridi, mbu ni wachache, vijito havikauki. Siku ikiwa na mwanga, mtu akisimama pale huyaona maji yote ya ziwa chini yake, na ng'ambo safu ya milima ya Livingstone inayoinuka juu ya Matema na Ikombe. Hapo ndipo alipoamua kujenga taasisi ya kuwaandaa walimu, wachungaji, wauguzi, wachapaji, waashi na maseremala kwa ajili ya nchi nzima ya ziwa. Ilipewa jina la Overtoun, kwa heshima ya mfadhili wake mkuu, tajiri wa viwanda vya kemikali, John Campbell White, aliyeitwa Lord Overtoun. Haki inadai isemwe pia kwamba mwaka 1899 mwanasiasa wa wafanyakazi Keir Hardie alifichua hadharani hali ya kusikitisha ya vibarua katika kiwanda cha tajiri huyo karibu na Glasgow. Fedha iliyojenga madarasa ya Khondowe ilikuwa na jasho la watu ambao hawakuulizwa.

Ujenzi ulichukua miaka. Barabara ilikatwa gengeni kwa makona makali yapatayo 20. Mwaka 1904 maji ya bomba yalifika, na mwaka uliofuata taa za umeme uliozalishwa kwa nguvu ya maji ziliwaka, wakati ambapo miji mingi ya Afrika, na vijiji vingi vya Scotland kwenyewe, bado ilitumia mafuta. Wageni walistaajabu. Lakini ajabu ya Khondowe haikuwa taa. Ilikuwa namna kijana alivyofundishwa.

Vijana waliopanda genge lile walikuwa wamekwisha kumaliza shule za vijiji na za vituo. Wengi walikuwa na umri wa vijana wa sekondari wa leo, na wengine walikuwa watu wazima wenye ndevu. Nyasaland haikuwa na shule ya sekondari yenye jina hilo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa hiyo madarasa ya juu ya Khondowe ndiyo yaliyokuwa kilele cha elimu kwa kijana wa ziwani. Walitoka Utonga, Ungoni, Utumbuka, Ungonde, Unyamwanga na Uchewa. Baba zao walikuwa wamepigana vita. Wana wao walilala bweni moja.

Hapo Laws alikabiliwa na swali la lugha. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian upande wa Konde walishikilia kwamba injili iota mizizi katika Kinyakyusa na Kikinga, na kazi yao ya lugha imebaki kuwa hazina. Laws naye alianza na lugha za wenyeji, na kamusi yake ya Kinyanja ilitoka mwaka 1894. Lakini katika madarasa ya juu alisisitiza Kiingereza. Kilikuwa daraja kati ya vijana wasiosikilizana, na kilikuwa mlango wa vitabu ambavyo yeye mwenyewe asingeweza kuvitafsiri hata angepewa maisha matatu. Wapo wamisionari wenzake waliompinga, Donald Fraser wa Loudon akiwa miongoni mwao. Waliona kwamba Taasisi ilimeza fedha nyingi ambazo zingehudumia shule za vijiji, na kwamba inawatenga vijana na mila za baba zao. Hoja zao zilikuwa na uzito. Laws hakutetereka.

Kila mwanafunzi wa Khondowe alifanya kazi ya mikono. Mtu aliyesoma theolojia alilima. Aliyejifunza ualimu alibeba matofali. Waliojifunza ufundi walifungwa kwa mkataba wa miaka kadhaa, wakatoka wakiwa mafundi kamili wa kupiga chapa, kujenga, kuunda samani au kupeleka habari kwa telegrafu. Desturi ya wakati ule, kwa Wazungu na kwa wasomi wapya wa Kiafrika vilevile, ilikuwa kuona kwamba aliyeshika kalamu amekombolewa kutoka jembeni. Laws hakuruhusu fikra hiyo imee. Yeye mwenyewe alionekana akipima mbao, akikagua mfereji, akirekebisha mashine, kisha akaingia darasani au chumba cha wagonjwa bila kubadili sura. Hakuwa msemaji mwenye mvuto. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye hesabu kali na kumbukumbu ya kila kitu. Mwanafunzi hakuchochewa na hotuba zake. Alichochewa na kumwona.

Lakini siri kubwa ya mafundisho yake ilikuwa nyingine. Kijana wa ualimu hakukaa darasani mwaka mzima. Kwa miezi fulani alipelekwa kijijini, mara nyingi mbali na kwao, kufungua shule au kuiendesha: kufundisha kusoma, kuhesabu na Maandiko, kusali na watu, kuzungumza na mwenyekiji, kuamua mwenyewe la kufanya jengo likivuja au watoto wakipungua wakati wa mavuno. Kisha alirudi Khondowe kuendelea na masomo. Mwenye kujua vijana ataona mara moja hekima iliyomo. Mwanafunzi aliyekwisha kusimama mbele ya watoto 60 na kushindwa kuwaeleza mgawanyo wa hesabu, akirudi darasani hahitaji kuhimizwa kusikiliza. Anajua ni nini asichokijua, na anajua ni nani anayemsubiri. Wengi wetu hudhani kwamba kijana huwajibika baada ya kuelimika. Khondowe ilimwajibisha ili aelimike.

Kwa vijana wa Kinyakyusa jambo hili lisingekuwa geni kabisa. Kwa desturi yao ya kale, wavulana waliokaribia umri wa miaka kumi walitoka nyumbani kwa wazazi wakajenga kijiji chao cha rika, wakajifunza kuishi kwa mashauri yao wenyewe, na ilipofika zamu yao wakakabidhiwa nchi. Desturi hiyo iliwaamini vijana mapema.

Ni katika kuamini huko, hata hivyo, ambapo mwalimu wa Khondowe alipungukiwa. Mtoto mmoja aitwaye Charles Domingo aliletwa na William Koyi mwaka 1881. Asili yake ilikuwa Msumbiji. Misheni ilimlea, ikampeleka Lovedale, akarudi kuwa mwalimu mwafrika wa mbele kabisa katika Taasisi. Alimaliza theolojia, akapewa idhini ya kuhubiri, akasubiri kubarikiwa kuwa mchungaji. Alisubiri miaka. Kila baraza lilipokaa, wakubwa waliona kwamba ni mapema mno, kwamba Kanisa changa linahitaji tahadhari zaidi. Karibu mwaka 1908 Domingo aliondoka, akaanzisha makanisa na shule zake mwenyewe huko Ungoni, akawa mkosoaji mkali wa misheni, serikali na makampuni ya Wazungu kwa pamoja.

Elliot Kamwana, Mtonga, aliondoka kwa sababu nyingine. Laws aliamini kwamba elimu itolewayo bure hudharauliwa, na misheni ikaanza kutoza ada. Kwa familia iliyokwisha kubanwa na kodi ya kibanda, ada hiyo ilikuwa mzigo. Kamwana, mmoja wa wanafunzi wenye akili nyingi, aliacha Taasisi mwanzoni mwa karne, akaenda kusini, akarudi mwaka 1908 akihubiri ujumbe wa Watch Tower na elimu isiyo na malipo. Katika muda wa miezi michache alibatiza maelfu ya watu katika nchi ileile ambayo misheni ililima kwa miaka 30. Serikali ilimwondoa mwaka 1909. Ni rahisi kumlaumu Kamwana kwa mafundisho yake. Ni vigumu zaidi kukubali kwamba umati ule ulikuwa jibu kwa mlango uliofungwa.

Hatimaye mwaka 1914 walibarikiwa wachungaji watatu Waafrika wa kwanza wa misheni ya Livingstonia: Hezekiah Tweya, Yesaya Zerenje Mwasi na Jonathan Chirwa. Ilikuwa miaka 33 tangu ubatizo wa Namalambe. Mwaka huohuo vita ikaja.

Tarehe 9 Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yaliyovuka Songwe yalipambana na Waingereza mjini Karonga. Ndugu waliotenganishwa na mpaka wa wakoloni walijikuta wakibeba mizigo ya pande mbili. Wapagazi, tenga-tenga kama walivyoitwa kusini, walichukuliwa kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Wanafunzi wa Khondowe walitumika kama wauguzi, makarani na wakalimani. Mwaka 1916 Waingereza walivuka kuingia Konde na kuitwaa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walikamatwa, wakapelekwa kizuizini, na mwishowe wakarudishwa kwao.

Vituo vikabaki yatima. Haikuwa mfano wa maneno tu. Hapakuwa na mchungaji wa kubatiza wala wa kuhudumia Meza ya Bwana, hapakuwa na fedha kutoka Ulaya, hapakuwa na mtu wa kusema na maofisa wapya wa Kiingereza, ambao waliyatazama mambo yote yenye asili ya Ujerumani kwa mashaka. Njaa na ugonjwa wa mafua wa 1918 vilifuata. Kanisa ambalo lilikuwa na umri wa miaka 25 tu lingeweza kutawanyika kama makapi. Wazee wa Kanisa na walimu waliolelewa katika vituo vya Berlin hawakuliacha litawanyike. Walikusanya watu, walifundisha katekisimu waliyoihifadhi kichwani, walizika wafu. Hao ndio msingi, na asifikiri msomaji kwamba sifa za jirani zinawapunguzia chochote.

Jirani alikuja kwa sababu aliombwa na hali yenyewe. Misheni ya Livingstonia ilikubali kuangalia vituo vya Konde, na msimamizi wa karibu alikuwa Mchungaji D. R. MacKenzie wa Karonga, mtu aliyewajua Wangonde na Wanyakyusa kwa zaidi ya miaka 20 na ambaye kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1925. Lakini Waskoti walikuwa wachache, na nusu ya nguvu zao imeliwa na vita. Mzungu mmoja hawezi kuwa Rungwe, Manow, Mwakaleli na ufukweni kwa siku moja. Waliotumwa kuvuka Songwe na kukaa, kufundisha na kuhubiri, walikuwa wachungaji na walimu Waafrika. Walikuja na ubao na chaki, na daftari la mahudhurio, wakaingia katika nchi ambayo waliifahamu kwa jina tu. Wale wa Ungonde walisikilizana na wenyeji mara moja. Watonga na Watumbuka iliwabidi wajifunze lugha.

Hawakuwa Walutheri, na tofauti ilionekana. Utaratibu wa Kipresbiteri huwapa wazee wa Kanisa sauti katika baraza, na nidhamu yake kuhusu meza ya Bwana ina mtindo wake. Baadhi ya Wakristo wa Berlin waliona ugeni, wengine waliona kwamba wazee wao sasa wanaketi mahali ambapo zamani mmisionari aliketi peke yake. Vijana nao walivutwa na Kiingereza, ambacho sasa kilikuwa lugha ya ofisi ya Tukuyu. Hata hivyo hakuna aliyewalazimisha Walutheri kukana ungamo lao. Misheni ya Livingstonia ilishika amana, na wenye amana waliporudi kuanzia katikati ya miaka ya 1920, walikuta sharika zinazopumua. Walikuta pia wazee waliokwisha kuzoea kuamua, na si kila mmisionari aliyerudi alilifurahia hilo.

Kwa miaka zaidi ya 30 wakubwa wa Livingstonia walikuwa wamejadili kama Mwafrika yuko tayari kulichunga Kanisa. Katika miaka ile ya Konde, mjadala ulijibiwa bila kikao. Mwalimu aliyekuwa amepelekwa peke yake kijijini akiwa na umri wa miaka 18, akiwa na ubao mmoja, alikuwa amekwisha kufanya mazoezi ya kazi hiyo tangu ujana. Laws alikuwa amewaandaa watu wake vizuri kuliko yeye mwenyewe alivyoamini. Alipowachelewesha, mbinu yake ya kufundisha ilikuwa tayari imewatangulia.

Ushahidi mwingine ulionekana nje ya Kanisa. David Kaunda, Mtonga aliyesoma Khondowe, alikwenda Chinsali kufungua kazi kwa Wabemba, akafa akiwa mchungaji mwaka 1932; mwanawe Kenneth alikuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia. Donald Siwale wa Mwenzo, mpakani mwa Tanganyika, alianzisha pamoja na wenzake chama cha maslahi ya wenyeji. Clements Kadalie alikwenda kusini na mwaka 1919 akaanzisha mjini Cape Town chama kikubwa cha wafanyakazi weusi. Levi Mumba, aliyefundisha Khondowe, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wenyeji wa Nyasa ya Kaskazini mwaka 1912, na mwaka 1944 akachaguliwa rais wa kwanza wa chama cha Congress cha Nyasaland. Laws hakuwafundisha siasa. Aliwafundisha kuandika kumbukumbu za mkutano, kutunza hesabu, kusimama na kutoa hoja kwa utaratibu, na kuona kazi ya jumuiya kuwa kazi yao. Mengine waliyatafuta wenyewe, na baadhi yao waliyatafuta dhidi yake. Hata Yesaya Mwasi, mmoja wa wale watatu wa 1914, alijitenga mwaka 1933 na kuunda Kanisa lake.

Katika miaka yake ya mwisho Khondowe, Laws alitaka Taasisi ipandishwe kuwa chuo kikuu kwa ajili ya nchi za ziwa. Alipima viwanja na kuandika mipango. Wenzake waliona ni ndoto ya mzee, na fedha haikupatikana. Mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 76, aliondoka Nyasaland baada ya utumishi wa miaka 52. Alifariki tarehe 6 Agosti 1934, mwaka uleule kumbukumbu zake zilipochapishwa. Nyumba ya mawe aliyoijenga Khondowe bado imesimama, na mwaka 2003 Sinodi ya Livingstonia ilifungua pale chuo kikuu, ambacho wanafunzi wake wengi husomea ualimu.